Nyumba Isiyo na Msumari

Punta Arenas, 9 Januari

Mpwa wangu Yasna,

Salamu hizi zikufikie wewe na mama yangu, bibi yako Clorinda, zikiwa bado na joto, maana bahasha nimeibandikia karibu na jiko. Magoti yake vipi? Kikohozi je? Mimi ni mzima kabisa. Upepo wa huku juzi ulininyakua kofia, jana ukanirudishia ikiwa na jasho la mtu mwingine. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imechukuliwa na simba wa bahari pale gatini. Wenzangu wa karakana wanadai niliiangusha mwenyewe. Wao hawakumtazama yule mnyama machoni. Hata hivyo najua mama hapendi simu; anataka barua isomwe jikoni kwake, majirani wakisikia. Basi msomee kwa sauti, na mahali penye sifa zangu usipapitie mbio.

Nimesikia ukingo umemeguka tena, na bahari sasa iko nyuma ya banda la kuku. Nyumba haina budi kuhama. Ivutwe na ng'ombe mpaka kwenye shamba lako la juu kabla maji makubwa ya Machi hayajaifuata. Dereva wa basi la Castro nimemkabidhi kifurushi, na ndani yake mna kimashine changu cha kukatia. Ni kidogo, unakishika mkono mmoja. Mbele kina wembe bapa wenye meno, unaotikisika kushoto na kulia upesi hata jicho halioni. Mimi hukiita Kitetemo. Msumeno wa mnyororo hauingii kwenye ule upenyo kati ya boriti za sakafu na nguzo. Kitetemo kinaingia kama ulimi. Utakata vile vigingi vinavyoishikilia nyumba juu ya nguzo zake, na nyumba iko huru.

Usiogope. Nyumba ile baba yangu aliijenga bila msumari hata mmoja, na kisiwa kizima cha Lemuy kinajua. Ni vigingi vya luma vitupu, mti ule ambao mvua huomba ruhusa kabla ya kuulowesha. Nimekuwekea nyembe za mbao, mpya, zinameta. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja: birika moja la mate, chai yetu ya majani, halijapoa, umemaliza. Mimi ningeifanya nimefumba macho, tena nikisimulia.

Ni mimi mjomba wako,
Baudilio


Lemuy, 16 Januari

Mjomba Baudilio,

Shikamoo. Huku sote wazima. Kikohozi cha Bibi kimeondoka, magoti yamebaki, na ulimi haujawahi kuugua.

Kifurushi kimefika. Maneno yako nayo yamefika, na hayo ndiyo yaliyoniingiza taabuni. Nilisoma barua jikoni kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye birika la mate, Bibi aliinuka, akavaa koti la kanisani, akashika mlango.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kuomba."

Mimi nikadhani kanisa. Kumbe amekwenda kwa Don Segundo Chiguay kuomba ng'ombe, na kutoka hapo nyumba kwa nyumba, kwa adabu zote: kukaa, kunywa anachopewa, kuzungumzia mvua, na shida kuitaja akiwa anaaga. Wote wamekubali. Minga ni Jumamosi ya pili ya Februari. Unaijua minga, Mjomba, kijiji kizima kuja kukuvutia nyumba kwa ujira wa chakula tu. Aliyeombwa akishasema ndiyo, ni ndiyo. Na aliyeomba hana uso wa kurudi kusema ngojeni kidogo. Wanaume wameahirisha nyasi zao. Wanawake wameshagawana viazi vya kukuna. Mambo yote yameenda kwa neno lako la mchana mmoja.

Basi nikaingia chini ya nyumba. Nguzo ya kwanza, kigingi cha luma. Wembe ulilia kama nzi ndani ya kopo, ukapita. Nikacheka peke yangu mle gizani. Nguzo ya pili, nusu ya kigingi, ikatoka cheche.

Chuma, Mjomba. Bolti nene kama kidole gumba, imepitishwa katikati ya kigingi na kuzibwa kwa mbao isionekane. Meno yote ya wembe yakaisha papo hapo, ukabaki kisu cha kupakia siagi. Nikafunga wa pili, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Ukageuka bluu, ukapinda. Wa tatu haukufika hata huko. Kisha Kitetemo chenyewe kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kikanyamaza. Nguzo zilizobaki nimezipima kwa sumaku ya mlango wa kabati. Karibu zote zinainasa.

Don Segundo alikuja kuchungulia.

"Hii ndiyo nyumba isiyo na msumari?"

"Ndivyo asemavyo mjomba."

"Mjomba wako alisema pia amewahi kumkamua nyangumi."

Akataka kwenda kuchukua grainda. Bibi akamzibia njia na ufagio: "Utie cheche chini ya mbao kavu na nyasi? Heri niliwe na bahari, hiyo angalau nimeizoea."

Mjomba, ng'ombe wakivuta nyumba iliyofungwa chini, itapasuka katikati kama boga. Na Bibi ameapa kwamba siku ya minga atakuwa ndani. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Yasna


Punta Arenas, 20 Januari

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa mama, na kwa Don Segundo nusu ya salamu. Mwambie yule nyangumi alikuwa mdogo.

Kwanza tuelewane. Mimi nilisema msumari. Bolti si msumari. Nimewauliza wazee wa Lemuy walioko huku, na mmoja amekumbuka: baada ya lile tetemeko kubwa la mwaka wa sitini, mimi sijazaliwa, baba alikwenda kwenye meli iliyokufa ufukweni, akang'oa bolti zake, akaishona nyumba kwa siri. Fundi anayejivunia vigingi vya mbao hawezi kuonekana amenunua chuma. Kwa hiyo hakununua, aliokota. Kichwa kile ndicho nilichokirithi.

Pili, Kitetemo hakijafa. Sikiliza vizuri, hapa sitanii.

Toa betri kwanza. Hata kama unabadilisha wembe tu, toa betri. Vidole huoti vingine. Sasa tazama matundu ya hewa ubavuni. Naapa yamejaa sufu. Umekiweka kwenye chumba anachosokotea Bibi, sivyo? Ile harufu ya nywele ni nywele kweli, za kondoo. Mashine inapumua kama wewe, na ukiifunga pua huku unaikimbiza mlimani, itazimia. Chukua mswaki mkuukuu, sugua matundu yote, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe kwa sindano. Halafu fungua pale wembe unaposhikwa, futa uso wake mpaka ung'ae. Unga wa mbao ukibaki hapo wembe unakaa upande, unacheza, unapiga joto, meno yanaisha kabla ya kazi. Ukiurudisha hakikisha vitundu vyake vimekaa kwenye vijino vya mashine, kaza skrubu mpaka iombe msamaha. Betri nayo ikiwa moto usiichaji. Iache ipoe kwanza kama mkate.

Tatu, wembe. Ulioutumia una meno makubwa ya kulia mbao, na ukikutana na chuma ni kama mzee anayetafuna mfupa. Nimempa dereva nyembe nyingine, za vyuma viwili vilivyounganishwa: mgongo laini unaokubali kupindika, meno magumu, madogo, yaliyobanana. Hizo ndizo za mbao yenye chuma ndani. Punguza mwendo wa mashine. Mbao hutaka kasi, chuma hutaka subira. Na usikandamize! Uzito wa mkono wako tu, huku unauyumbisha wembe kidogo kidogo utoe unga wake. Ukiona rangi ya bluu, acha, kunywa mate, rudi.

Mimi kwa wembe wa namna hiyo niliwahi kukata nanga ya meli ya Wagiriki huku nahodha akilia. Lakini nilikata polepole.

Mjomba wako,
Baudilio

Msomee mama ile ya baba na bolti wakati majirani hawapo.


Lemuy, 27 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena, na hii naitoa kwa moyo mweupe. Kitetemo kimefufuka!

Nilitoa sufu ya kutosha soksi ya mtoto. Nikapuliza, nikafuta, nikakaza. Nilipobonyeza kikalia vilevile kama siku ya kwanza, nami nikapiga kelele. Bibi aliuliza kuna nini. Nikamwambia ni sufu yake. Akasema, "Basi ni sufu nzuri, imesimamisha mashine."

Barua ya bolti alitaka aisikie mara mbili. Kisha akachochea jiko, mwisho akacheka mpaka akashika ubavu. "Miaka yote ile," akasema, "tetemeko likija ananiambia, Clorinda tulia, vigingi vyangu haviachii." Majirani walikuwepo, Mjomba. Samahani.

Nyembe mpya zinakata. Nimejifunza kusikiliza: sauti ikiwa nzito na unga wa chuma unadondoka kama pilipili manga, wembe unakula. Sauti ikiwa nyembamba na hakuna unga, unasugua tu, unajichosha. Nguzo zote za upande wa bahari ziko huru. Nikitoka kuvuna kome jioni naingia chini mpaka kiza kinapofika, na nyembe ninazifuta mafuta kabla ya kulala kwa ajili ya chumvi.

Tatizo ni nguzo za upande wa jikoni. Bolti za pale ni za ukoo mwingine. Meno ya vyuma viwili yanateleza juu yake kama kuku kwenye barafu. Nimemaliza nyembe mbili juu ya bolti moja na imebaki na mkwaruzo tu, kama paka amepita. Minga inakaribia, na Don Segundo ameshaanza kuwalisha ng'ombe wake shayiri.

Mpwa wako,
Yasna


Punta Arenas, 31 Januari

Yasna mwanangu,

Nawasalimu wote, na mama mwambie nimefurahi amecheka.

Hizo bolti zitakuwa za mtambo wa meli, chuma kilichopikwa kikatumbukizwa majini ili kisilike. Kuna wembe mmoja tu wa kazi hiyo, wenye meno ya kabaidi, yale yanayotobolea mwamba. Meno yake ni machache na yamebandikwa moja moja. Nimekwenda kwa msimamizi wangu. Nilikusudia kumweleza jinsi karakana hii isivyoweza kusimama bila mimi, nikajikuta nimemwambia tu kwamba ni nyumba ya mama. Akafungua kabati. Nyembe ziko kwa dereva.

Sheria yake ni hii. Kabaidi ni gumu lakini lina kiburi: haliliwi na chuma, ila ukilipinda linakatika kama biskuti. Ingiza wembe ukiwa umenyooka, utoe ukiwa umenyooka, hata kama umekwama usiusokote. Mwendo wa chini. Na usiutumie kwenye mbao tupu wala kwenye bolti laini, uweke kwa ajili ya zile ngumu pekee.

Kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umemaliza, chukua kipande cha bati jembamba, kipitishe kwenye kila mkato kutoka upande huu hadi ule. Bati likipita lote, nyumba imeachia. Likigota, bado. Usiamini jicho. Amini bati.

Ningekuja. Likizo yangu haijafika, na barabara ni ya siku mbili kupitia Argentina. Natamani unielewe.

Mjomba wako,
Baudilio


Punta Arenas, 10 Februari

Mpwa wangu,

Hamjambo? Sijapata barua. Pengine una kazi nyingi, kisu cha mpishi hakipumziki siku ya harusi. Hapa nimewaambia watu kwamba Jumamosi mama yangu anasafiri akiwa ameketi jikoni kwake. Hakuna aliyeniamini, na ndilo jambo pekee la kweli nililosema wiki hii.

Niandikie mstari mmoja. Nyembe zilifika?

Mjomba wako


Punta Arenas, 17 Februari

Yasna,

Jumamosi imepita. Mimi mzima. Nyinyi je?

Nimekwenda kituo cha basi asubuhi na jioni. Wanasema malori yamefunga njia mpakani na hakuna gari linalopita. Nimekopa simu ya mwenzangu nikapiga, ikaita mpaka ikachoka. Najua mnara wa Lemuy ukipigwa na mvua hulala. Najua. Lakini usiku nawaza ile boriti ya kati. Mimi ndiye niliyesema mchana mmoja.

Kama imepasuka, niambie imepasuka. Mbao zinanunuliwa. Niambie tu mama yuko wapi.

Baudilio


Lemuy, 15 Februari (basi halikutoka, naikabidhi leo tarehe 20)

Mjomba wangu,

Nakuanzia na jambo lenyewe, salamu zitafuata nyuma: nyumba iko juu. Bibi yuko ndani yake. Wote wawili wazima.

Sasa shikamoo, kaa chini nikuhadithie.

Nyembe za kabaidi zilifika, nikakata bolti ngumu moja moja kama ulivyosema. Bati lilipita kwenye kila nguzo. Jumamosi walikuja jozi kumi za ng'ombe, na watu wakafunga nyumba magogo chini yake, minyororo mbele. Don Segundo alimwomba Bibi atoke. Bibi akamwambia kupitia dirishani, "Mimi niliingia nyumba hii nikiwa bibi arusi. Sitatoka kwa sababu ya ng'ombe."

Don Segundo akapiga kelele, ng'ombe wakainama. Mbele ya nyumba ikasogea. Nyuma haikusogea. Ikatoka sauti, Mjomba, sauti ya mti unaotaka kulia, na vigae vya mbao vikaanza kudondoka ukutani. Nilipiga yowe, "Simameni!" sijui nguvu ile niliitoa wapi. Ng'ombe wakasimama.

Nikapita chini na tochi. Nguzo zote zilikuwa zimeachia. Ila katikati, mahali pasipo na nguzo, kulikuwa na msingi wa mawe wa jiko la kuni, na babu alipitisha bolti moja kutoka kwenye boriti mpaka kwenye mawe. Nilipima kila nguzo, jiko sikulifikiria. Nani hufunga jiko kwa bolti? Babu.

Nilikuwa nimebakiwa na wembe mmoja wa kabaidi, tena umepungua meno mawili. Nikatoka, nikasema wafungue ng'ombe wote, waweke magogo ya kuzuia kila upande. Wakaguna.

"Tangu lini ng'ombe hufunguliwa katikati ya minga?" akauliza mmoja.

Don Segundo akamjibu, "Tangu binadamu aingie chini. Fungua."

Basi nikalala chali. Mwendo wa chini. Uzito wa mkono tu. Nje nasikia ng'ombe wakicheua. Bibi akagonga sakafu juu yangu.

"Yasna, uko hapo?"

"Nipo, Bibi."

"Usikimbilie. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza namenya vitunguu."

Katikati ya bolti Kitetemo kikapata joto mkononi. Kila mfupa wangu ulitaka kukandamiza nimalize. Nikazima. Nikalala pale na watu wote wakinisubiri, na ng'ombe, na Bibi, mpaka kikapoa. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kule kutofanya kitu. Nilipowasha tena, unga ukaanza kunidondokea kifuani, mweusi, mzuri. Kisha nikasikia boriti inashusha pumzi. Nikachukua bati, nikalipitisha. Likapita lote, likatokea upande wa pili, na Don Segundo akalidaka kwa nje akasema, "Nimelipata, mwanangu. Toka."

Ng'ombe wakafungwa tena. Nyumba ikaondoka, Mjomba. Ilipanda kile kilima ikiyumba kama mama mjamzito aendaye sokoni, bomba la jiko linafuka moshi, maana Bibi hakuzima moto. Alikuwa dirishani anawapungia watu mkono. Wanaume wazima walilia na kusingizia moshi. Hakuna ufa. Vigae vichache tu, nimeshavirudisha.

Tulikula hadi watu wakafungua mikanda. Shimo la kome na viazi lilikuwa moto tangu asubuhi, na chicha, pombe yetu ya tufaha, haikubaki hata ya kuonja.

Hapa juu ardhi imeteremka kidogo mbele, kwa hiyo mlango umebaki juu kupita goti la mtu. Bibi anapandia kreti ya viazi. Don Segundo alitaka kumtengenezea ngazi siku ileile, kwa mbao alizo nazo. Bibi akakataa. Alisema, naandika maneno yake kama alivyoyatoa: "Mlango huo una mwenyewe wa kuuwekea ngazi. Yuko Punta Arenas anaogopa kuja kuona."

Mpwa wako,
Yasna


Punta Arenas, 23 Februari

Yasna mwanangu, na mama,

Barua imefika leo. Nimeisoma nimesimama kituoni, kisha nikakaa juu ya mizigo ya watu nikaisoma upya, dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake, sijui kinaitwaje.

Karakanani nimewasomea kwa sauti. Nilipofika kwenye ng'ombe nikasema jozi arobaini. Mwenzangu mmoja akachungulia begani kwangu akasema, "Baudilio, hapa pameandikwa kumi." Nikamwambia kumi za Lemuy. Lakini ile sehemu yako ya kulala chini na kusubiri mashine ipoe, pale sikuongeza kitu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijui kama ningeweza kuzima.

Toa betri ya Kitetemo, kisafishe, kipumzike mahali pakavu mbali na sufu. Wembe ule wa mwisho usiutupe, nataka niuone.

Msimamizi ameniruhusu, basi ni Alhamisi. Mbao nimeshazichagua, ni za sipresi, nitazibeba juu ya basi hata wakinicheka. Mama, umesema kweli. Nilikuwa naogopa. Sasa siogopi, ila hiyo kreti. Usiipande mpaka nifike. Mpe Yasna mkono, au kaa ndani unywe mate. Nikishaweka ngazi, kreti irudi kwa viazi.

Mwanao, na mjomba wako,
Baudilio